Vishikwambi vya Sensa na Mtoto Asiyesoma

Sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha, serikali ilibaki na maelfu kwa maelfu ya vishikwambi ambavyo makarani walikuwa wamepita navyo nyumba kwa nyumba. Ikaamuliwa vigawiwe walimu. Kigoma nayo ikapata fungu lake: kifaa kilichohesabu watu 2,470,967 wa mkoa huu kikaingia kwenye mkoba wa mwalimu, kimwandalie masomo, kimfungulie vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na kimsaidie kufuata mafunzo endelevu kazini, yale yanayoitwa MEWAKA. Hakikununuliwa kwa ajili ya mtoto mwenye disleksia. Hata hivyo, katika shule nyingi za mwambao wa Ziwa Tanganyika hakuna kifaa kingine kilicho karibu naye kuliko hicho, na ukitaka kuzungumza kwa dhati juu ya teknolojia saidizi darasani huna budi kuanzia hapo.

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, unaotokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha na kuziunganisha na herufi. Mara nyingi huenda katika ukoo. Haihusiani na akili: mtoto anayekwama ubaoni asubuhi anaweza jioni, pale mwaloni Kibirizi, kukupigia kichwani hesabu ya chenji ya dagaa kabla hujafungua pochi. Makadirio ya kawaida ya watafiti ni watoto kati ya 5 na 10 kwa kila 100. Kwetu, ambako darasa la watoto 100 si kioja, hao ni watoto watano mpaka kumi katika chumba kimoja. Wanaitwa wazito, wavivu, na wenzao wakiwa na ulimi mkali, vilaza.

Kabla ya kuuliza kinunuliwe kifaa gani, iamuliwe kwanza kifanye kazi ipi, maana kazi ziko mbili na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto kusoma. Ya pili ni kumpitisha pembeni ya maandishi, ili sayansi, historia na jiografia zimfikie hata kama bado si msomaji mzuri. Kazi ya kwanza ni ya madarasa ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ya pili huanza mtoto anapotakiwa asome ndipo ajifunze, yaani darasa la tatu kwenda mbele. Fedha na sifa nyingi zimekwenda kwenye kazi ya kwanza. Mimi naona kwa hali ya Kigoma ya leo faida ya haraka iko kwenye ya pili, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na lugha yenyewe. Mengi yaliyoandikwa duniani kuhusu disleksia yametokana na Kiingereza, ambacho herufi zilezile husomwa hivi hapa na vile pale. Kiswahili hakina vurugu hiyo. A ni a popote utakapoikuta. Utafiti wa lugha zenye tahajia nyoofu kama yetu, Kiitalia, Kijerumani na Kifini, umeonyesha kwa miaka mingi kwamba mtoto mwenye disleksia katika lugha hizo hatimaye husoma kwa usahihi, ila polepole mno na kwa kuchoka. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wasomaji wa Italia, Ufaransa na Uingereza wenye disleksia: upungufu ulioonekana ubongoni ulikuwa uleule kwa wote, ingawa Waitalia walisoma vizuri zaidi kwa sababu ya tahajia yao.

Kwa mwalimu wa Ujiji au Ilagala hii ni habari ya kufanyia kazi. Anayemtafuta mtoto wa kwenye vitabu vya Kizungu, anayegeuza b kuwa d, huenda asimwone kabisa yule wa kwake. Mchukue mtoto wa darasa la tatu umpe neno moja, hawakutusaidia. Lina silabi nane: ha, wa, ku, tu, sa, i, di, a. Anazisoma zote, hakosei hata moja, lakini kila silabi inamchukua karibu sekunde nzima, kidole kinasukuma, midomo inatembea. Akifika kwenye di, ile ha ya mwanzo na ku yake zimeshamtoka kichwani, nazo ndizo zilizobeba ukanushi wote. Muulize sentensi imesema nini, atakujibu kuwa walitusaidia. Mwalimu ataandika kwenye daftari lake kwamba mtoto anajua kusoma ila haelewi, kumbe kilichomwangusha ni mwendo. Upande wa kuandika, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichambua makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili wakaonyesha, katika makala yao ya 2003, kwamba hata lugha yenye tahajia nyoofu si rahisi kuandika. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha imla yenye mbw, nyw, ngw na ng' atawaunga mkono.

Sasa nani atamwona mtoto huyu? Darasani tunasoma kwa kuitikia. Mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, watoto mia wanaimba ba, be, bi, bo, bu, na asiyejua anafungua mdomo pamoja na wenzake. Anaweza kumaliza darasa la pili amekariri kitabu kizima bila kusoma ukurasa hata mmoja. Ujiji ina jambo moja la kujifunza hapa. Chuoni, yaani madrasa, kwa ustadhi, kila mtoto huketi mbele ya mwalimu na juzuu yake akasomeshwa peke yake, na haipiti muda ustadhi anajua nani anasoma herufi na nani anafuata kwa kukariri. Sisemi huko mtoto anatibiwa, pengine anachapwa. Nasema anasikilizwa mmoja mmoja, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuanza kazi kabla ya hilo kufanyika.

Kumsikiliza pekee nako hakutoshi, kwa sababu mwambao huu una mambo mengi yanayofanana na disleksia bila kuwa disleksia. Mtoto aliyekulia kwenye Kiha akiandika kurara badala ya kulala anaandika anavyosikia. L na r humchanganya yeye kama zinavyomchanganya baba yake. Mwingine haoni ubao na hajawahi kupimwa macho. Mwingine hakuwepo. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya gizani, hupumzika wakati wa mbalamwezi na kurudi mwezi ukizama, na kwenye kambi za uvuvi kusini mwa Ilagala familia huhama kufuata samaki, watoto wakahama nazo. Mtoto aliyekosa wiki sita za muhula hana disleksia, hajafundishwa. Ukimwita mgonjwa umemwonea mara mbili.

Hapa kishikwambi cha sensa kinapata kazi yake ya kwanza ya maana, nayo haihitaji programu ya ziada wala bando. Kirekodi sauti. Mtoto asome ukurasa wa kitabu cha darasa la pili kwa dakika moja, mwalimu ahesabu maneno sahihi na kuhifadhi faili kwa jina na tarehe. Afundishwe katika kundi dogo kwa wiki nane, arekodiwe tena kwa ukurasa wenye ugumu uleule. Wenzake wanaozungumza Kiha nyumbani watakuwa wamesogea, na waliokuwa kambini pia. Anayebaki palepale baada ya kufundishwa kama wao ndiye wa kufuatiliwa. Sauti hizo mwalimu anaweza kuzisikiliza jioni, akazipeleka kwenye kikao cha MEWAKA, walimu wa shule jirani wakasikia kilekile alichosikia yeye. Ni bora mara mia kuliko alama ya vema kwenye fomu.

Kwenye kazi ya kufundisha kusoma, dunia ina mifano miwili inayotugusa. Wa kwanza ulitoka Finland. Katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Heikki Lyytinen na wenzake waliwafuatilia tangu uchanga watoto waliozaliwa katika familia zenye disleksia, na kutokana na kazi hiyo ukatengenezwa mchezo wa GraphoGame. Mtoto anasikia sauti kwenye hedifoni, anagusa herufi au silabi inayolingana nayo, tena na tena, na mchezo unamrudisha kwenye zile anazokosea. Ulijaribiwa Zambia kwa Kinyanja, katika shule za Lusaka, kwa simu za kawaida za mkononi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha maendeleo hasa kwenye tahajia, na makubwa zaidi yalikuwa pale mwalimu naye alipoucheza mchezo. Aliyecheza alijua mtoto anasikia nini, akafundisha ubaoni kwa mpangilio huohuo.

Wa pili ulifanyika hapahapa nchini, Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilisambaza vishikwambi vya Google, pamoja na vituo vya kuchajia kwa sola, katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa ushirikiano wa serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wengi walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wakatangazwa, onebillion ya Uingereza na Kitkit School ya Enuma, wakagawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na programu zao za Kiswahili ziliachwa wazi kwa yeyote kuzichukua bure.

Ni habari njema, na ilisherehekewa kama habari njema. Mimi inanishughulisha ile nusu nyingine. Baada ya miezi 15 ya kugusa skrini, nusu ya waliokuwa hawajui hata neno bado hawakujua hata neno. Sababu zao ni nyingi, na jaribio lile halikukusudia kutafuta disleksia. Lakini programu inayopandisha wastani wa kijiji inaweza kumficha mtoto mwenye disleksia vilevile kama anavyofichwa na kuitikia kwa pamoja darasani: wengi wakisogea, tarakimu inapendeza, na aliyebaki anaonekana ni mmoja wa wachache wasiojitahidi. Malawi, ambako programu za onebillion zimetumika kwa miaka, Nicola Pitchford na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti wa somo la hisabati kwa watoto wenye mahitaji maalumu. Walisonga mbele, ila polepole kuliko wenzao. Kwa hiyo mtoto wa namna hii anahitaji dakika nyingi zaidi kwenye kifaa, wakati ratiba ya shule yenye vishikwambi vichache humpa kila mtoto dakika sawa, au humpa anayekimbia.

Na katika shule za kawaida za Kigoma vifaa hivyo kwa mtoto mmoja mmoja havipo. Vilivyopo ni vya mwalimu. Kwa miaka mingi umeme wa mji wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, kabla mkoa haujaanza kuunganishwa na gridi ya taifa. Kwenye vijiji vya kaskazini kama Mwamgongo na Kagunga, unakofika kwa boti, kilichozoeleka ni sola. Ndiyo maana nasema faida ya karibu iko kwenye kazi ya pili.

Kazi ya pili inahitaji sauti tu. Mtoto wa darasa la tano ambaye ukurasa mmoja wa sayansi unamchukua robo saa anaweza kuusikia kwa dakika mbili na kujibu maswali yote. Na hapa unyoofu wa Kiswahili, ambao hauwezi kumwondolea mtoto disleksia yake, unaisaidia mashine. Lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa, mkazo ukiwa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni rahisi kuisomesha kompyuta. Programu huria ya eSpeak inasoma Kiswahili hata kwenye vifaa dhaifu, kwa sauti ya bati lakini inaeleweka. Google wanayo sauti ya Kiswahili kwenye simu za Android. Microsoft wamekwenda mbali zaidi, wana sauti mbili zilizotengwa kwa Kiswahili cha Tanzania, Daudi na Rehema, ingawa hizo zimetengenezwa kwa ajili ya huduma za mtandaoni.

Mashine hizi zina kasoro ambazo mwalimu lazima azijue mapema. Kitabu kilichopigwa picha na kuwekwa kama PDF hakisomeki; kompyuta inaona picha, haioni maneno. Neno la Kiingereza likijitokeza katikati ya sentensi huvurugwa. Tarakimu, vifupisho na majina hukosewa. Kuandika kwa kusema ni kugumu zaidi. Google waliingiza Kiswahili kwenye huduma hiyo mwaka 2017, lakini katika darasa la watoto mia, chini ya bati mvua ikinyesha, simu itaandika kelele.

Kwa sababu hizo napendelea njia ambayo wapenzi wa teknolojia wataiona ya kizamani. Mwalimu, au mwanafunzi wa darasa la saba anayesoma vizuri, asome sura ya kitabu kwenye kishikwambi, jioni, mlango umefungwa. Asome kwa mwendo wa kawaida, ataje namba ya ukurasa kabla ya kuuanza, anyamaze sekunde chache mwisho wa aya ili msikilizaji apate kufuata kwa kidole. Faili lihamishiwe kwenye memori kadi, na kadi iingie kwenye redio ndogo ya sola, moja ya zile zinazouzwa madukani mjini na kutembea na wavuvi usiku. Watoto wanne wanakaa chini ya mwembe na kitabu kimoja na redio moja, sauti chini, macho kwenye maandishi. Anayeijua sura hiyo vizuri anasikia marudio. Mwenye disleksia anasikia na kuona kwa wakati mmoja, na hakuna anayejua nani kati yao ndiye redio ililetwa kwa ajili yake. Hilo la mwisho si dogo. Mtoto wa miaka kumi na moja atakataa msaada wowote unaomtangaza mbele ya wenzake.

Afrika Mashariki si ngeni kwa elimu ya redio. Zanzibar ilikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo, na wakati wa korona mwaka 2020 masomo ya redio na televisheni yalirudi nchi nzima. Tofauti ni kwamba kipindi cha redio kikipita kimepita. Kadi unairudisha nyuma.

Kuna vitu vya kununua ambavyo ningeshauri viachwe. Fonti maalumu za disleksia, kama OpenDyslexic na Dyslexie, zinapendwa sana mitandaoni, lakini tafiti zilizozipima hazikuona zikiongeza kasi au usahihi wa kusoma kwa namna ya kueleweka. Karatasi za plastiki za rangi za kuwekwa juu ya ukurasa nazo ushahidi wake ni dhaifu. Chenye ushahidi bora ni nafasi: Marco Zorzi na wenzake walionyesha mwaka 2012, kwa watoto wa Italia na Ufaransa, kwamba kuongeza nafasi kati ya herufi kulisaidia watoto wenye disleksia kusoma haraka zaidi na kwa makosa machache. Hilo mwalimu anaweza kulifanya bure anapochapa jaribio: maandishi makubwa kidogo, herufi zisibanane, mistari iachane. Gharama yake ni karatasi.

Vishikwambi vya watoto wenyewe viko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Huko Vodafone Foundation na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wameweka madarasa ya kidijitali yenye vishikwambi na umeme wa betri. Inachekesha kidogo, na inaudhi kidogo, kwamba mtoto mkimbizi anaweza kushika kifaa ambacho jirani yake wa kijiji cha pili anakiona mikononi mwa mwalimu tu. Lakini huko nako tatizo ni lilelile: mtoto wa Kikongo mwenye mtaala wa Kifaransa na Kiswahili cha Kivu, au Mrundi mwenye Kirundi, akikwama kusoma ni vigumu kusema amekwama kwenye lugha ipi. Kipimo cha kabla na baada, kwa sauti iliyorekodiwa, kingefaa pande zote mbili za uzio.

Ukuta mkubwa zaidi uko kidato cha kwanza. Mtoto aliyepambana miaka saba akafikia kusoma Kiswahili polepole lakini sawasawa anahamishiwa siku moja kwenye lugha ambayo hila zake zote hazifanyi kazi. Though, through, tough: silabi alizozitegemea zimekufa. Kwa mtoto huyu kusomewa na mashine ni suala la kubaki shuleni au kuondoka, na kwa bahati Kiingereza ndiyo lugha ambayo mashine huisoma vizuri kuliko zote. Kinachomzuia ni kanuni. Simu kwa wanafunzi shuleni ni marufuku, kwa sababu zinazoeleweka, ila hakuna sababu ya marufuku hiyo kugusa kifaa cha shule kinachokaa kwa mwalimu wa maktaba na kutumiwa hapohapo.

Halafu unakuja mtihani, ambako mengi ya haya hukatika. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu: nukta nundu kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, muda wa ziada. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 na mikakati ya elimu jumuishi iliyofuata inatoa msingi wa kudai. Uingereza mwanafunzi mwenye disleksia kwa kawaida huongezewa robo ya muda, na wengine huruhusiwa kalamu inayosoma maandishi kwa sauti. Kwetu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una maswali mengi ya kuchagua, na swali la kuchagua humbebesha mtoto huyu mzigo mkubwa kuliko anavyodhaniwa, kwa kuwa lazima asome swali na majibu yote kabla ya kutia alama moja. Anachohitaji zaidi ni dakika, na dakika hazina bei dukani.

Lakini mtoto asiye na karatasi inayosema ana disleksia hawezi kuombewa dakika hata moja. Wataalamu wapo: Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na AMUCTA ya Tabora, safari ya treni kutoka Kigoma, inafundisha fani hiyo kwa ngazi ya shahada. Wengi wakihitimu hupangiwa kwenye vitengo vya viziwi, wasioona au wenye ulemavu wa akili, wakati mtoto wa disleksia yuko darasa la kawaida, benchi la nyuma. Faili za sauti zinaweza kuwa daraja kati yao. Mwalimu aliyeanza kurekodi darasa la tatu atakuwa, mtihani ukikaribia, na miaka kadhaa ya mtoto huyohuyo akisoma kurasa zenye ugumu unaofanana, kila moja na tarehe yake. Kwa ushahidi huo mtaalamu wa Kasulu au Tabora anaweza kufanya tathmini yake bila kuanza sifuri, na mwalimu mkuu akaandika ombi la muda wa ziada mapema.

Halmashauri ikitaka kuanza na hili, vishikwambi tayari inavyo. Itakachotakiwa kuweka kwenye bajeti ni memori kadi, redio chache, na nauli ya boti ya kumfikisha afisa wa elimu maalumu Kagunga walau mara moja kila muhula.